Kibuyu Kilichoteremka Mto Mara

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu haikuruhusiwa kuokota kitu kilicholetwa na Mto Mara. Kiwe gogo zuri la kuni, kiwe kata, kiwe ndala ya mguu mmoja, ulikiacha kipite. Wazee walisema kila kinachoelea kina mwenyewe huko juu, na mwenyewe anakisindikiza kwa jicho lake mpaka kifike ziwani. Ukikiopoa njiani umeliopoa na lile jicho, na hutapata usingizi tena nyumbani kwako. Sisi watoto tuliamini. Nakumbuka mpira mmoja wa plastiki, mwekundu, uliopita mbele yetu polepole kama unatutania, na hakuna aliyeingia majini.

Kijiji chetu kiko upande wa Butiama, pembeni ya kinamasi, juu kidogo ya Kirumi. Mgeni akifika pale hawezi kujua kama ameshafika mtoni, maana anachokiona ni mafunjo tu, kijani mpaka jicho linapoishia, na ndege weupe juu yake. Maji yenyewe yamejificha ndani. Wavuvi walikuwa na vinjia vyao vya mitumbwi humo ndani, wakatoka na samaki, kamongo na mumi, na nyakati za mafuriko mto ulitoka wenyewe ukaja kututembelea kwenye mtama.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuwa mtu wa pale. Alitoka huko mto unakotoka. Babu akiwa kijana alikwenda Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, kama vijana wengi wa kwetu wakati wa mkoloni, na akarudi na msichana wa Kikipsigis aliyeitwa Chelangat. Kijijini jina hilo liliwashinda wakalifanya Serangati, na yeye akaliitikia hivyo hivyo maisha yake yote. Alijifunza Kizanaki mpaka akaweza kugombana nacho. Lakini ng'ombe wake aliwakamua kwa lugha ya kwao, na maziwa aliyahifadhi kwa namna ya kwao, kwenye kibuyu kirefu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha mti fulani, mpaka maziwa yakawa na rangi ya majivu na ladha ya moshi. Watoto wengine waliyakataa. Mimi nilikua nayo, na mpaka leo maziwa meupe nayaona kama hayajaiva.

Kila asubuhi Bibi alishuka mtoni. Kulikuwa na mahali ambapo mafunjo yaliacha mlango mdogo wa maji, akachota hapo, na kabla ya kuchota aliinama akaongea na maji. Haikuwa sala, maana sala zake nilizijua, alikuwa Mkatoliki wa kuamka na rozari. Alikuwa anaongea kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua.

"Unamwambia nani, Bibi?" nilimuuliza siku moja.

"Namuuliza mama yangu amelalaje."

"Anakusikia?"

"Yeye hanisikii. Maji hayapandagi. Mimi ndiye ninayemsikia."

Akanieleza, akijaza ndoo, kwamba siku alipoondoka kwao mama yake alimsindikiza mpaka kwenye kijito kilichopita chini ya boma lao. Babu alikuwa ameshawaambia kwamba mtu akikifuata kijito hicho kitamfikisha kijijini kwetu, na wakwe zake hawakumwamini mpaka walipoona anavyolia machozi akisema. Basi mama mtu akasema: maji ninayooshea mikono mimi, ndiyo utakayochota wewe. Na siku nikifa, kibuyu changu kitawekwa humu kikufuate. Kikifika, ujue.

Sijui kama ilikuwa mila ya watu wote wa kule, au ya nyumba yao tu, au maneno ya mama aliyekosa cha kumpa binti yake njiani. Bibi aliipokea kama sheria.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani alikuwa na ramani ya Afrika Mashariki iliyochanika pembeni. Alinionyesha mto kwa kijiti. Unaanzia msitu wa Mau, juu kwenye baridi. Huko ni vijito viwili, Nyangores na Amala, vinakutana ndipo vinaitwa Mara. Unashuka tambarare ya Wamasai, unavuka mpaka, unaingia Serengeti pale nyumbu wanapovukia, halafu unageuka magharibi kama umekumbuka kitu, unapita mabondeni mpaka kinamasi chetu, Kirumi, na ghuba ya Musoma. Ziwani hauishii. Maji yanazunguka yanatokea Uganda, yanakuwa Nile, yanakwenda Misri. Mimi Misri haikunihusu. Nilitazama mstari wa mpaka, ule wa vidoti na vidashi, na mstari wa bluu unaoukata.

"Hapa mto unaonyesha nini ili upitishwe?" nilimuuliza.

Baba hakucheka. Alikunja ramani.

Maana wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa. Nchi hizi mbili zilikuwa zimekosana, mambo ya wakubwa, na pale mpakani, Sirari, hapakupitika. Zamani Bibi alikuwa akienda kwao kila baada ya miaka michache, akirudi na mbegu za maharage na sauti iliyobadilika kidogo. Mpaka ulipofungwa alisubiri, akasubiri, kisha siku moja akafunga mzigo wake akaenda mwenyewe bila kumwambia mtu. Alirudi kesho yake jioni na mzigo uleule.

"Kijana mzuri," alimwambia baba kuhusu askari aliyemkuta pale. "Aliniita mama. Akanipa maji ya kunywa. Halafu akanirudisha."

Baba angeweza kumpitisha porini, wengi walipita huko kwa Wakurya, lakini alikuwa mtumishi wa serikali na aliogopa. Simlaumu. Kila alipoenda shule asubuhi alimkuta mama yake akipanda kutoka mtoni, wakasalimiana, na mmoja wao lazima aliangalia pembeni.

Kibuyu kilikuja mwishoni mwa masika, mwaka ambao mto ulifurika mpaka ukaingia shamba la mtama.

Aliyekileta ni mvuvi, jirani yetu, mzee Makuru, mtu mkimya ambaye Bibi alimpa maziwa kila alipopita na samaki. Alisimama nje ya ua na mgono wake wa kutegea kamongo begani, ukiwa bado unachuruzika maji. Hakutaka kuingia.

"Mama Serangati," alisema, "mimi sijaokota kitu. Kimeingia chenyewe."

Ndani ya mgono, kimebanwa na fito, kulikuwa na kibuyu kirefu chembamba, chenye mkanda wa ngozi uliooza na simbi chache zilizobaki. Mwingine angekitoa akakirudisha majini. Yeye alikuwa amekunywa kwenye kibuyu kama hicho kwetu miaka mingi, akakijua, na akaogopa zaidi kukiachia kuliko kukileta. Alivunja fito za mgono wake pale pale akakitoa.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Alikaa chini. Mdomo wa kibuyu ulikuwa umezibwa kwa nta ya nyuki, na alitumia muda mrefu kuibandua kwa kucha, bila kuomba kisu. Kilipofunguka hakikuwa na kitu. Akaweka pua, akavuta pumzi, akafumba macho. Kisha akanipa mimi ninuse. Ilikuwa harufu ya maziwa yake, moshi ule ule, ila ukiwa umepoa na kwenda mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya kinamasi.

"Mama amekufa," alisema.

Jioni hiyo alinyoa nywele. Wanawake wa kijiji walikuja wakakaa naye kwenye mikeka, katekista akaja akasalisha, na baba, ambaye alisoma ramani na alijua kinamasi chetu kinavyonasa hata jani, alisimama mlangoni akauliza kwa upole: "Mama, tutajuaje kama ni chake?"

"Mimi nimeshajua. Wewe endelea kutojua."

Akalia kilio chote, cha siku zote zinazotakiwa, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale isipokuwa baba, kiasi. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamwomba mama yake msamaha kwa kuchelewa. Na baada ya hapo Bibi aliacha kuongea na maji. Alichota, akajitwika, akapanda. Mimi niliyekuwa nikimfuata nyuma na kindoo changu niliona ukimya huo kuwa mzito kuliko kilio.

Halafu mpaka ukafunguliwa. Tulisikia kwenye redio ya baba, na kabla taarifa haijaisha Bibi alikuwa ameshasimama.

"Nakwenda kuliona kaburi," alisema.

Shule zilipofungwa tulikwenda, baba, Bibi na mimi. Bibi alisema mtoto aende, ili ajue anakotoka hata kama ni kwa kuangalia udongo tu. Alibeba ulezi, na furu, samaki wadogo waliokaushwa, zawadi ya watu wa msiba. Kirumi tulivuka kwa pantoni, daraja lilikuwa bado. Bibi alisimama ukingoni mwa pantoni akiangalia maji yanakotoka, mpaka baba akamshika mkono. Kutoka hapo ilikuwa mabasi na vumbi: Tarime, Sirari tukavuka kwa miguu, Migori, Kisii. Kila tulipopanda kilima Bibi aliuliza mto uko wapi.

"Tumeuacha, mama. Uko kulia kwetu, mbali. Tutaukuta mbele."

"Hautupotei?"

"Hautupotei."

Bomet kulikuwa na baridi ambayo sijawahi kuijua. Wingu lilikuwa limekaa juu ya nyumba za watu. Tulishuka kwenye gari, tukatembea kati ya mashamba ya mahindi na chai, tukafika kwenye daraja la magogo, na Bibi akasema, "Ndio huu." Nilidhani anatania. Yalikuwa maji meupe, membamba, yanaruka mawe na kupiga kelele kama watoto wametoka shule. Niliona mchanga chini. Niliona ng'ambo, karibu kabisa, na mbuzi amesimama. Mto wetu sisi haukuwa na sauti wala ng'ambo. Nilitia mkono nikautoa haraka, maji yalikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Baba alichuchumaa, akakaa muda mrefu akiangalia, mwalimu aliyeufundisha miaka yote bila kuuona huku juu.

Boma lilikuwa juu kidogo. Uani, kwenye kijijua, alikaa bibi kizee akipukuchua maharage kwenye ungo. Macho yake yalikuwa na ukungu. Watoto waliokuwa wakicheza walinyamaza kutuona, na yeye akainua uso kwa sababu ya ule ukimya, akasema kitu. Baba alinitafsiria baadaye. Alisema: "Nani huyo amefika na hasalimii?"

Bibi alikuwa amesimama langoni na mzigo wa ulezi kichwani. Baba akamtua mzigo. Bibi akatembea, miguu kama ya mtu anayepita kwenye tope la kinamasi, akafika mbele ya yule mzee akapiga magoti kwenye nyasi, na akaweka kichwa chake mapajani mwake, juu ya maharage, ungo ukamwagika.

Kule bibi wanamwita kogo. Kogo alianza kumpapasa. Uso, masikio, shingo. Alipofika kichwani mikono ilisimama.

"Chelangat. Mbona nywele zako fupi?"

"Nilinyoa kwa ajili yako."

Baba alisimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, akininong'oneza maneno kadiri alivyoyashika. Kogo akaanza kucheka. Alicheka taratibu, bila meno, mabega yakitikisika, mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona.

"Kumbe kilifika," alisema.

Ndipo ikajulikana. Alikuwa ameambiwa na wanawe kwamba mpaka umefungwa, na hakuelewa maana ya maneno hayo. Kama maji yanapita, mtoto wangu anazuiwa na nini? Aliwaza kwamba binti yake amechoka na safari, ana wajukuu, ana ng'ombe, amezoea. Mtu haji kwa ajili ya mama aliye mzima, alisema, mama mzima yupo tu, atamwona mwaka ujao. Watu huja kwa ajili ya msiba. Basi akatengeneza kibuyu, akakisugua vizuri kwa kijinga, akakiziba kwa nta, na mvua kubwa zilipoanza akaomba apelekwe mtoni akakiweka.

"Kimoja?" baba alimuuliza.

"Nilianza na kimoja. Nikaona kimya. Kila mvua kubwa nikawa naweka kingine. Vijana hawa," akaelekeza kidole walikokuwa wanawe, "walisema nimechanganyikiwa, namaliza vibuyu vya nyumba."

Bibi aliinua kichwa. Maharage mawili yalikuwa yamemgandia shavuni.

"Nimekulilia, mama. Nimelala chini kwa ajili yako. Watu wamekusalia."

"Vizuri," alisema Kogo. "Sasa amka, mpe mtoto huyu chakula. Nasikia meno yake yanagongana."

Tulikaa mpaka likizo ikakaribia kwisha. Walilala kitanda kimoja, wale wazee wawili. Mchana walikaa uani wakapukuchua maharage na kusemana, na mara nyingine Kogo alimgombeza Bibi kama mtoto, naye Bibi, ambaye kijijini kwetu wanaume walimpisha njia, aliinamisha kichwa akasema ndiyo mama. Sikuwahi kumwona Bibi akiwa mtoto wa mtu. Nafikiri ni huko ndiko nilikoanza kumpenda kwa namna nyingine, ya kumwonea huruma kidogo.

Siku ya kuondoka Kogo alisindikiza mpaka kwenye daraja la magogo, ameshikwa mkono na mjukuu mmoja. Hapo alimwambia binti yake kitu kifupi, na Bibi akakubali kwa kichwa. Njiani baba aliuliza.

"Amesema sasa nisikae mtoni kumsubiri. Akifa kweli hawataweka kitu."

Alikufa miaka michache baadaye. Habari ilikuja na mtu wa basi, kwa mdomo, siku ya mnada. Wanawake wa kijiji walikuja tena na mikeka yao. Bibi aliwapokea, akawapikia, lakini hakunyoa na hakulala chini. Wengine hawakulipenda hilo. Alipoulizwa alijibu kwamba kilio cha mama yake alishakitoa, na mama mwenyewe alikipokea kwa mkono wake, alipompapasa kichwa. Cha pili angempelekea nani?

Bibi naye amekwenda, siku nyingi, na baba pia. Mimi naishi Bweri, Musoma, nyumba yangu ina bomba uani. Nikienda kwa ndugu zangu Tarime napita juu ya daraja la Kirumi, na gari linapita haraka, maji yanaonekana kwa muda mfupi tu, kahawia, yametulia. Wanasema huko Mau misitu imekatwa sana na kiangazi mto unapungua, na huku chini kinamasi kinapanuka kila mwaka, kimeshameza shamba letu la mtama na ile njia ya kuteremkia. Ule mlango wa maji alipochotea Bibi siwezi kumwonyesha mtu. Nimeshajaribu.

Kwa muda mrefu nilipoisimulia hadithi hii nilisimulia maajabu ya kibuyu, jinsi kilivyopita viboko na mamba, na mafunjo yasiyopitisha hata jani. Watu wanapenda hapo. Wengine wananiambia hakikuwa chake, kwamba ni cha mchungaji yeyote aliyekidondosha, na mimi sibishani nao, maana Kogo mwenyewe hakupewa akikague. Siku hizi ninachokiona zaidi ni mwanamke kipofu kwenye baridi ya Mau, ameshika kibuyu kizima cha nyumba yake, anakisugua ndani kwa uangalifu kana kwamba kitatiwa maziwa kesho, halafu anaomba ashikwe mkono apelekwe akakitupe. Na mvua ikirudi, anaomba tena.

Binti yangu wa mwisho anafanya kazi Nairobi. Mpaka uko wazi, mabasi yanaondoka kila siku, simu tunapigiana. "Nitakuja mwezi wa kumi na mbili, mama," ananiambia, na ni kweli ana kazi nyingi, na mwezi wa kumi na mbili ukifika anasema Pasaka. Mimi namwambia haya, mwanangu, hakuna shida, sisi tuko wazima.

Lakini kuna siku nashika simu, hasa jioni kunapokuwa kimya, na neno linanijia mpaka mdomoni. Nataka kumwambia tu kwamba naumwa. Bado sijamwambia.